Kisa cha Helix: mstari ulipopita, na kilichodumu kwenye vifaa vya mkononi

Tarehe 22 Julai 2002 kampuni ya RealNetworks ya Seattle, Marekani, ilitangaza kwamba itafungua msimbo chanzo (maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na waundaji wake) wa injini iliyokuwa ikiendesha RealPlayer, programu yake ya kucheza sauti na video. Mradi uliitwa Helix. Oktoba mwaka huohuo msimbo wa kichezeshi ukatoka hadharani, na ule wa kusimba na wa seva ukafuata. Kwa kampuni iliyoishi kwa kuuza programu zilizofungwa, tena iliyokuwa ikitiririsha sauti kwenye intaneti tangu 1995, hiyo haikuwa hatua ndogo.

Tukio la namna hii likitokea, watu huuliza kama kampuni imefungua au haijafungua. Swali hilo halifiki mbali. Programu ya sauti na video si kitu kimoja. Ni tabaka zilizopandana, kila moja na mwenyewe, na hataza zake (haki za kisheria za uvumbuzi), na ugumu wake wa kuhamishwa kutoka kifaa hadi kifaa. Anayeshika simu atanufaika au hatanufaika kulingana na mahali mstari ulipopita kati ya tabaka zilizofunguliwa na zile zilizobaki kufungwa. Helix inalionyesha hilo waziwazi.

Hesabu ya mwaka 2002

Kwenye kompyuta ya mezani RealPlayer ilihitaji matoleo machache tu. Kwenye vifaa vya mkononi mambo yalikuwa mengine kabisa. Nokia 3650 ya mwaka 2003 ilikuwa na mfumo endeshi wa Symbian, skrini ya pikseli 176 kwa 208 na kichakataji cha ARM cha MHz 104. Miaka miwili baadaye Nokia 770 ilikuja na Linux, skrini ya 800 kwa 480 na MB 64 za kumbukumbu. Vifaa viwili vya mtengenezaji mmoja, na karibu hakuna mstari wa msimbo wa sauti au skrini unaofaa kwa vyote viwili bila kuguswa. Zidisha hilo kwa kila mtengenezaji na kila chipu, na utaona kwa nini kampuni moja haikuweza kulipia uhamishaji wote. Wazo likawa: tufungue injini, wenye vifaa waihamishe wenyewe, sisi tuendelee kulipwa kwa kodeki (programu ndogo zinazobana na kufungua sauti au video) na seva.

Leseni zilikuwa mbili. RPSL ilikuwa leseni huria, iliyokubaliwa na OSI na kutambuliwa na FSF, mashirika mawili ya programu huria. Anayesambaza toleo alilolibadilisha alitakiwa kuyafungua mabadiliko yake. RCSL iliwekwa kwa watengenezaji waliotaka kuuza kifaa bila kufungua kazi yao. Hao walifuata masharti ya kibiashara. Mwaka 2004 leseni nyingine huria, GPL, ikaongezwa kwenye sehemu kubwa ya msimbo wa kichezeshi, ili Helix Player iweze kuingia kwenye mifumo ya Linux.

Kilichofunguliwa ni injini yenyewe: kupokea data kwa RTSP (itifaki iliyochapishwa Aprili 1998 kama RFC 2326, na RealNetworks ilishiriki kuiandika), kusoma miundo ya faili, kupanga muda, kulinganisha sauti na picha. Kodeki za RealAudio na RealVideo zilibaki kufungwa, zikitolewa kama faili zilizokwisha kukompailiwa, yaani kugeuzwa lugha ya mashine. Na kulikuwa na kundi la tatu ambalo RealNetworks haikuwa na uwezo wa kulifungua hata kama ingetaka: kodeki za MP3, AAC, H.263, AMR. Msimbo wake unaweza kuandikwa na yeyote, lakini hataza zilikuwa za wengine, na leseni ya msimbo haimpi mtu haki ya hataza ya jirani. Ndiyo maana Helix Player ya GPL ilitoka na kodeki huria za Vorbis na Theora, huku MP3 na RealVideo zikipatikana kwenye RealPlayer ya Linux iliyojengwa juu ya injini ileile.

Injini inavyohamishwa

Data katika Helix hupita kwenye mlolongo wa programu-jalizi. Moja huleta baiti, ziwe za faili au za mtandao. Ya pili inaujua muundo wa faili na hukata baiti kuwa pakiti zenye muda. Injini huzipanga, kisha kila mkondo hupelekwa kwa kionyeshi chake, ambacho huita kodeki na kusukuma matokeo kwenye spika au skrini. Vyote vinazungumza kwa violesura vya C++ vinavyohesabu marejeo: anayepokea kitu huita AddRef, akimaliza huita Release. Ukisahau Release moja kwenye kompyuta ya mezani hutaona lolote, maana mtumiaji atafunga programu jioni. Kwenye simu programu hukaa hai kwa wiki nzima, na kila wimbo unaobadilishwa huacha kilobaiti kadhaa zisizorudi.

Mpangilio wa kazi una uzito wake. Anza na saa, nyuzi (kazi zinazoendeshwa sambamba) na kumbukumbu. Fuata usomaji wa faili. Halafu toa sauti, ukitumia faili ya WAV isiyohitaji kodeki yoyote, ili ukisikia mikwaruzo ujue kosa liko kwenye kiendeshi na si kwenye hesabu za kodeki. Kodeki ije baada ya hapo, kisha mtandao. Video iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu video hufuata saa ya sauti. Saa hiyo ikiwa mbovu utatafuta kosa la picha mahali lisipokuwepo.

Hapo kwenye saa ya sauti ndipo wengi hupotelea. Sauti ya 44.1 kHz, chaneli mbili, biti 16, hula baiti 176,400 kwa sekunde, kwa hiyo bafa (akiba ya data inayosubiri kuchezwa) ya milisekunde 100 ni baiti 17,640. Viendeshi vingi vya simu za wakati ule viliarifu vilipofikia pale tu bafa nzima ilipomalizika. Injini ikiitegemea taarifa hiyo peke yake, saa yake huruka kwa hatua za milisekunde 100, ilhali video ya fremu 15 kwa sekunde inahitaji fremu mpya kila milisekunde 67 hivi. Matokeo ni picha inayoganda kisha kukimbia, na mtu huanza kukilaumu kichakataji. Dawa yake ni kuchukua saa ya mfumo, kukadiria sauti iko wapi kati ya taarifa mbili, na kujisahihisha kidogokidogo kila taarifa inapofika. Usijisahihishe kwa mkupuo, la sivyo utakuwa umeurudisha mruko uleule.

Upande wa picha, fremu ya pikseli 176 kwa 144 katika YUV 4:2:0 (muundo ambamo pikseli nne hugawana rangi moja) ni baiti 38,016, na ikigeuzwa kuwa rangi za biti 16 inakuwa 50,688. Kwa fremu 15 ni baiti 570,240 za kusoma na zaidi ya 760,000 za kuandika kila sekunde, kabla kodeki haijahesabiwa. Ugeuzaji wa rangi unaofanya kuzidisha kwa kila pikseli utakula muda ambao simu haina. Tumia majedwali yaliyokokotolewa mapema, na ushughulikie pikseli nne zinazogawana rangi moja kwa pamoja.

Symbian ilikuwa na vikwazo vyake. Katika matoleo ya kabla ya 9, maktaba ya DLL haikuruhusiwa kuwa na vigeu vya jumla vinavyoandikika. Msimbo uliozaliwa kwenye mezani umejaa vigeu hivyo: kihesabio hapa, jedwali linalojazwa mara ya kwanza pale. Kila kimoja kilipaswa kutolewa na kuwekwa kwenye muundo mmoja unaopatikana kupitia hifadhi ya uzi, kwa Dll::Tls(). Steki (kumbukumbu ya muda ya chaguo-kazi) ya kawaida ilikuwa KB 8 tu, kwa hiyo safu ya baiti 4,096 iliyotangazwa ndani ya chaguo-kazi, jambo ambalo hakuna anayelifikiria mara mbili kwenye kompyuta, ilikuwa imekwisha kula nusu ya steki. Makosa nayo hayakutumia utaratibu wa kawaida wa C++. Yalitumia »leave« na steki ya usafishaji, na chochote kilichotengwa bila kusajiliwa humo kilipotea pale kumbukumbu ilipokwisha. Usisubiri simu ijae ndipo ugundue hilo. Fanya jaribio linaloangusha utengaji wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, mpaka wimbo ufunguke salama.

Jambo jingine lilikuwa ukubwa. Injini yenye kila kitu haikuingia kwenye simu, kwa hiyo Helix ilijengwa kwa wasifu: faili inayowasha au kuzima vipengele kabla ya kukompaili. Hatari ya utaratibu huu ni kwamba kila swichi huzidisha idadi ya programu tofauti zinazowezekana. Swichi kumi huru ni michanganyiko 1,024, na hakuna anayeijaribu yote. Timu iliyochagua wasifu mmoja na kubaki nao ilisumbuka kidogo kuliko ile iliyotunga wake kwa kila simu.

Hesabu za nukta isiyohama

Vichakataji vya ARM vya simu zile havikuwa na sehemu ya kuhesabu desimali. Hesabu ya desimali iliigwa kwa programu, na kodeki ya MP3 iliyoandikwa hivyo isingeweza kwenda na muziki. RealNetworks iliandika visimbuzi (sehemu ya kodeki inayofungua sauti iliyobanwa) vya MP3 na AAC kwa nambari kamili tupu, yaani nukta isiyohama, na kuviweka ndani ya Helix. Kwa maoni yetu hiki ndicho kilichokuwa na thamani kuliko vyote vilivyofunguliwa, ingawa kilikuwa kidogo kuliko karibu vyote.

Utaratibu wenyewe ni huu. Nambari kati ya −1 na 1 huzidishwa kwa 2 kwa kipeo cha 31 na kuhifadhiwa kama nambari kamili ya biti 32. Hivyo 0.70710678 inakuwa 1,518,500,250, yaani 0x5A82799A. Ukizidisha mbili za namna hiyo unapata biti 64, na unachukua 32 za juu pekee. Helix hufanya hivyo kwa MULSHIFT32, ambayo kwenye ARM ni agizo moja la SMULL. Jibu linatoka likiwa limepungua kwa biti moja, kwa sababu alama ya hasi na chanya imejirudia, na ni lazima ukumbuke kulisogeza kushoto au ulifidie mbele. Anayesahau husikia sauti iliyo sahihi kila kitu isipokuwa imefifia.

Kosa la upande wa pili linaumiza masikio zaidi. Ukijumlisha thamani 32, jumla inaweza kukua kwa biti tano. Kama hukuacha biti tano za akiba juu, nambari kubwa chanya hugeuka kuwa kubwa hasi, na msikilizaji anapata mlio mkali. Ukiacha akiba nyingi kupita kiasi, nyimbo za taratibu zinajaa mchakacho. Kisimbuzi cha Helix hufuatilia ni biti ngapi za akiba zilizopo katika kila kundi la data na husogeza inapolazimu tu. Sehemu hiyo yafaa isomwe na yeyote anayejifunza kazi hii.

Matumizi yake ni mepesi. MP3InitDecoder hutenga kumbukumbu, takriban KB 24. MP3FindSyncWord hutafuta mwanzo wa fremu (hapa ni kipande kimoja cha sauti), na MP3Decode hutoa sampuli 1,152 kwa kila chaneli, sawa na milisekunde 26 za muziki wa 44.1 kHz. Fremu moja ya 128 kbps ni baiti 417 au 418. Makosa mawili hurudiarudia. La kwanza hutokea mtumiaji anaporukia katikati ya wimbo: MP3Decode hurudisha ERR_MP3_MAINDATA_UNDERFLOW. Faili si mbovu. MP3 huruhusu fremu kukopa data iliyowekwa hadi baiti 511 nyuma yake, na wewe umeingia bila deni hilo kulipwa. Toa kimya kwa fremu moja au mbili na uendelee; ukisimama hapo utakuwa umeuua wimbo mzima bure. La pili ni fremu ya uongo. Picha ya jalada ndani ya lebo ya ID3 inaweza kuwa na baiti zinazofanana na mwanzo wa fremu. Lebo hiyo ina kichwa cha baiti 10, na baiti nne za mwisho za kichwa hutaja ukubwa kwa biti saba saba. Soma ukubwa huo, iruke lebo yote, ndipo utafute fremu.

Kilichobaki upande wa pili wa mstari

Kodeki zilizotolewa zikiwa zimekompailiwa zilikuwa na umri wa kichakataji na kompaila zao. Faili iliyotengenezwa kwa kompyuta ya x86 haina maana yoyote kwenye ARM. Hata ndani ya ARM, Linux ilihama kutoka kanuni za zamani za kuitana kwa programu kwenda kanuni mpya, EABI, ambapo thamani za biti 64 hupangwa kwenye anwani zinazogawanyika kwa nane. Maktaba ya zamani ikiitwa na programu mpya husoma muundo uleule mahali tofauti. Wakati mwingine huanguka papo hapo. Wakati mwingine hucheza, lakini muda wa pakiti ukiwa takataka. Mwenye msimbo angekompaili upya asubuhi moja. Asiye nao hana la kufanya, hata awe hodari kiasi gani.

Hapo ndipo mpango wa 2002 ulipojifunga wenyewe. Mwanajamii aliyeihamisha injini kwenye kifaa kipya, kwa kazi ya miezi, alifika mwisho na kukuta kifaa chake hakichezi RealVideo, yaani kitu hasa kilichoitofautisha Helix na vichezeshi vingine. Injini bila kodeki ilibidi ishindane na GStreamer na FFmpeg, programu huria za sauti na video, ambazo hazikuwa na mstari huo ndani yake. Injini ya Helix ikapoteza watu.

Lingeweza kuonekana jambo la kampuni moja kama lisingejirudia. PacketVideo nayo ilikuwa na injini iliyofungwa ya simu, na mwaka 2008 ikafunguliwa kama OpenCORE ndani ya Android, kwa leseni ya Apache. Ilibeba tabaka zito la kuuficha mfumo endeshi, lililokuwa na maana pale ilipouzwa kwa watengenezaji wa mifumo kumi tofauti, na halikuwa na maana tena kwenye mfumo mmoja. Kufikia Android 2.3, mwishoni mwa 2010, Stagefright, injini mpya ya Android, ilikuwa imeshika nafasi yake yote. Ila visimbuzi vya PacketVideo havikutupwa. Stagefright ilivichukua, na vile vya AMR vikatengwa kuwa maktaba ya opencore-amr ambayo FFmpeg huweza kuitumia. Mwaka 2012, kwa Android 4.1, taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ilifungua kodeki yake ya AAC, FDK, nayo ya nukta isiyohama, kwa leseni inayotamka wazi kwamba haitoi haki ya hataza. Hiyo pia imesambaa mbali na mahali ilipozaliwa.

Sababu inaonekana ukiangalia mipaka ya vitu hivi. Kisimbuzi hupokea baiti na kutoa sampuli; hakijui skrini, hakijui mtandao, hakijui nyuzi. Kinaweza kung'olewa na kupandwa kwingine kwa siku moja. Injini imeshikana na kila kitu kilicho chini yake, na mfumo endeshi wowote utakaokua utatengeneza yake. Anayetaka kufungua programu ya namna hii leo kwa ajili ya vifaa vya mkononi tungemshauri aanze na kodeki zilizo mali yake, kila moja kwenye saraka yake, ikiwa na faili za majaribio na matokeo yanayotarajiwa baiti kwa baiti. Kabla ya hapo apite faili moja baada ya nyingine akiandika nani mwenye hakimiliki, ilinunuliwa au iliandikwa ndani, na hataza gani inagusa. Faili moja ya mtu wa tatu iliyopitiwa haraka inatosha kulazimisha toleo zima liondolewe.

Kwenye hataza, muda ulifanya kazi ambayo leseni hazikuweza. Aprili 2017 mpango wa leseni za hataza za MP3 ulisitishwa, hataza zake zikiwa zimekwisha muda. Kisimbuzi kidogo cha Helix kikabaki kimefunguliwa pande zote, na leo kinapatikana kwenye maktaba za vidhibiti vidogo kama ESP32, vyenye kumbukumbu ya kilobaiti mia chache.

Anayekichukua asome kichwa cha kila faili kwanza. GPL iliyoongezwa 2004 haikufika kila mahali: faili za kisimbuzi cha MP3 zinataja RPSL na RCSL tu. RPSL ni leseni huria lakini haipatani na GPL, kwa hiyo kukiunganisha na msimbo wa GPL ndani ya programu moja inayosambazwa ni kuvunja masharti. Ikiwa mradi wako ni wa GPL, maktaba nyingine ya kusimbua MP3, libmad, ipo kwa leseni hiyohiyo, nayo pia hutumia nambari kamili tupu. Ikiwa si wa GPL, unaweza kutumia Helix, lakini soma kwanza RPSL inadai nini kwa programu nzima itakayobeba msimbo wake; weka maandishi ya RPSL pamoja na kifaa, na chapisha mabadiliko uliyoyafanya kwenye faili zake, hata kama ni kubadilisha jinsi kumbukumbu inavyotengwa.